Jani la Mboga na Mfupa wa Mjusi

Katikati ya bara la Australia, mahali ambapo mvua ni haba na jua la kiangazi hukausha hata mashina ya vichaka, huishi mjusi mmoja mpana wa kiwiliwili, mwenye rangi ya udongo, ambaye akitishwa hupanua ngozi ya koo lake yenye miiba laini mpaka ikaonekana kama ndevu nyeusi. Wataalamu wa elimu ya wanyama humwita Pogona vitticeps, na neno hilo la kwanza limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ndevu. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1926. Kwa urahisi, katika makala haya ataitwa mjusi-ndevu. Urefu wake, kutoka puani hadi ncha ya mkia, huweza kupita nusu meta. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wa Afrika Mashariki ambao madume yao, wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu, huonekana mchana wakiota jua juu ya mawe ya Serengeti huku wakiinua na kushusha vichwa.

Sheria za Australia haziruhusu wanyamapori wa nchi hiyo kusafirishwa nje wakiwa hai kwa ajili ya biashara. Hata hivyo, kutokana na mijusi waliotoka huko miaka mingi iliyopita, mjusi-ndevu amezalishwa kwa wingi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na leo ni mmoja wa wanyama watambaao wanaofugwa sana majumbani. Sababu zake zaeleweka. Ni mpole, huamka na kulala kwa saa za binadamu, wala hahitaji kulishwa panya kama nyoka. Zaidi ya hayo hula majani, na majani yapo katika kila jokofu. Mfugaji hukata kipande cha spinachi au letusi, akampa, mjusi akala kwa hamu, na wote wawili wakaridhika.

Taabu huonekana baada ya miezi. Vidole vya mjusi huanza kutetemeka, taya la chini hulainika, miguu hupinda, na hatimaye mnyama hushindwa kuinua kiwiliwili chake kutoka ardhini. Madaktari wa mifugo wa nchi hizo waujua vizuri ugonjwa huu wa mifupa, kwani ni miongoni mwa maradhi wanayokutana nayo mara kwa mara katika wanyama watambaao wanaofugwa. Ajabu yake ni kwamba huwapata wanyama wanaolishwa kila siku, tena na watu wanaowapenda. Ili kufahamu kwa nini mnyama aliyeshiba mboga aweza kukosa mfupa, yapasa kulichunguza jani lenyewe kwa jicho la mkemia.

Chakula cha porini na chakula cha nyumbani

Mjusi-ndevu si mla majani tu, wala si mla wadudu tu. Hula kinacholetwa na majira. Watafiti waliochunguza vilivyomo matumboni mwa mijusi wa porini huko Australia, na kutoa matokeo yao mwaka 2015, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya chakula ilikuwa kumbikumbi, na kwamba mimea ilikuwa asilimia 16 tu ya uzito mkavu. Msomaji aliyewahi kuona jinsi kuku, ndege na watoto wanavyokimbilia kumbikumbi baada ya mvua hatashangaa. Lakini hesabu hiyo ni ya wakati wa neema. Kumbikumbi hawaruki mwaka mzima, na wakiisha mjusi hurudia majani na maua ya vichaka.

Umri nao hubadili mambo. Mjusi mchanga hukua upesi, na kwa hiyo huhitaji protini nyingi ya wadudu. Aliyekwisha kukua huhitaji kidogo zaidi. Akiendelea kulishwa wadudu wanono kila siku ndani ya sanduku la kioo, ambamo hana pa kukimbia wala adui wa kumkimbiza, hunenepa kupita kiasi na ini lake hujaa mafuta. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri kwamba sehemu kubwa ya chakula cha mjusi mzima anayefugwa iwe majani. Majani humpa pia maji, jambo lisilo dogo kwa mnyama wa jangwa ambaye mara nyingi hupita karibu na bakuli la maji bila kulijali.

Kula majani, hata hivyo, si kazi rahisi kwa mjusi. Meno yake hukata, hayasagi kama magego ya mbuzi. Vipande humezwa vikiwa vizima, na kazi ya kuvivunja huachiwa tumbo na vijidudu vilivyomo katika utumbo. Kazi hiyo yataka joto. Mjusi hana tanuri ndani ya mwili wake kama ndege au mnyama anyonyeshaye. Hulitafuta joto juani mpaka mwili ufikie digrii 35 hivi za Selsiasi. Katika sanduku lenye baridi, jani bora kuliko yote hulala tumboni bila kumfaa aliyelila.

Kalsiamu na mwenzake

Madini makuu ya mfupa yameundwa kwa kalsiamu na fosforasi pamoja na oksijeni na haidrojeni. Mwanafunzi anayejua uzito wa atomu aweza kupiga hesabu mwenyewe kutokana na fomula yake, ambamo kuna atomu 10 za kalsiamu kwa kila atomu 6 za fosforasi. Kalsiamu ni 10 mara 40, yaani 400. Fosforasi ni 6 mara 31, yaani 186. Kwa hiyo kila gramu 1 ya fosforasi iliyomo mfupani huambatana na gramu 2 na kidogo za kalsiamu. Ndipo ilipotoka kanuni ya wafugaji kwamba chakula cha mjusi kiwe na kalsiamu mara 2 ya fosforasi, na kwamba kwa vyovyote kalsiamu isipungue fosforasi.

Wadudu hawaifikii kanuni hiyo hata kwa mbali. Nyenje hana mifupa, na gamba lake la nje si la chokaa. Mwilini mwake fosforasi huizidi kalsiamu mara kadhaa. Mjusi anayekula nyenje watupu hupata kilicho pungufu, na ile fosforasi ya ziada huizuia hata kalsiamu kidogo iliyopo isifyonzwe vema. Kwa hiyo majani ndiyo yanayotegemewa kurekebisha mizani. Lakini majani gani? Katika gramu 100 za letusi ya kichwa, ile nyeupe inayolia mdomoni, kuna miligramu 18 tu za kalsiamu na 20 za fosforasi. Sehemu iliyobaki ni maji matupu, au karibu. Kabichi ina miligramu 40 za kalsiamu na 26 za fosforasi. Gugu moja la nchi za baridi lenye maua ya manjano, Taraxacum officinale, la ukoo mmoja na mchunga wa Afrika Mashariki, lina 187 kwa 66, na watu wa huko huling'oa katika bustani zao na kulitupa. Spinachi ina 99 kwa 49, yaani uwiano wa 2 kwa 1 barabara.

Mfugaji aliyesoma mpaka hapo na kufunga kitabu atachagua spinachi, na atakuwa amekosea.

Kabla ya kueleza kosa hilo, ni vema kujua linalotokea mwilini kalsiamu inapokosekana. Kalsiamu si ya mifupa tu. Moyo haupigi bila hiyo, wala msuli haujikunji, wala mshipa wa fahamu haupeleki habari. Mwili hauwezi kungoja. Kiasi chake katika damu kikishuka, tezi ndogo zilizo shingoni, ziitwazo parathiroidi, hutoa homoni inayoamuru mifupa iachilie akiba yake. Damu hupata haki yake na mnyama huendelea kuishi, lakini kwa gharama ya kiunzi chake. Mahali pa mfupa uliomong'onyoka mwili hujaza nyuzi laini, na hilo ndilo taya linalobonyea chini ya kidole cha daktari. Kutetemeka kwa vidole hutokea pale ambapo hata akiba ya mifupa haitoshi tena. Matege ya watoto ni ndugu wa karibu wa ugonjwa huu.

Asidi iliyojificha

Mtu anapotafuna spinachi nyingi, hasa mbichi, husikia ukakasi katika meno. Anapomenya magimbi mabichi, mikono humuwasha. Katika mambo yote mawili wahusika ni wa nyumba moja, yaani asidi ya oksaliki na chumvi zake. Katika gimbi, chumvi ya kalsiamu ya asidi hiyo hujitokeza kama fuwele nyembamba mfano wa sindano, ambazo huchoma ngozi. Katika spinachi, sehemu kubwa ya asidi imeyeyuka katika utomvu wa jani, ikingoja kukutana na kalsiamu.

Zikikutana, huungana chembe moja kwa moja na kufanya oksalati ya kalsiamu, unga mweupe usioyeyuka ila kwa shida kubwa. Lita nzima ya maji huyeyusha miligramu 7 hivi tu. Kisichoyeyuka hakipiti katika ukuta wa utumbo. Hutoka na kinyesi.

Hapa pia hesabu husaidia. Uzito wa molekuli ya asidi ya oksaliki ni 90, na wa kalsiamu ni 40. Gramu 100 za spinachi huwa na miligramu 970 hivi za asidi hiyo. Kiasi hicho chaweza kuishika kalsiamu ya miligramu 970 mara 40 gawanya kwa 90, yaani miligramu 431. Jani lenyewe lina 99. Maana yake ni kwamba asidi iliyomo yatosha kuifunga kalsiamu yote ya jani mara nne na zaidi. Ni kweli kwamba sehemu ya asidi huwa imekwisha kujifunga ndani ya jani lenyewe, na kwa hiyo 431 ni kikomo cha juu. Hata hivyo iliyobaki huru haikai bure. Mfugaji akinyunyiza unga wa chokaa juu ya spinachi ili kuiongezea nguvu, asidi huula unga huo kwanza.

Jambo hili limepimwa kwa binadamu. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima spinachi na maziwa kwa nyakati tofauti, wakafuatilia kalsiamu iliyoingia mwilini. Ya maziwa ilifyonzwa karibu asilimia 28, na ya spinachi asilimia 5 tu. Miaka 2 baadaye watafiti hao walijaribu majani ya jamii ya sukuma wiki, ambayo oksalati yake ni kidogo sana, na kalsiamu yake ilifyonzwa kama asilimia 41, yaani zaidi ya ile ya maziwa yaliyolinganishwa nayo. Binadamu si mjusi, lakini unga usioyeyuka hauchagui utumbo.

Spinachi, kiazisukari na mchicha ni mimea ya ukoo mmoja, na tabia yao katika jambo hili ni moja. (Mboga inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko mengi ya Afrika Mashariki kwa kweli mara nyingi ni aina ya kiazisukari kilichokuzwa kwa ajili ya majani, nayo ni ya ukoo huohuo.) Mchicha una kalsiamu miligramu 215 katika gramu 100, kiasi cha kutamanisha, lakini asidi yake ya oksaliki hufika miligramu 1,090, inayoweza kushika kalsiamu miligramu 484. Isidhaniwe kwamba mchicha haufai kuliwa na watu. Watu huuchemsha, na maji yakimwagwa sehemu ya asidi hutoka nayo. Tena huula pamoja na vyakula vingine, na hupata humo chuma, vitamini na mengine mengi. Mjusi hapikiwi. Akipewa jani moja hilohilo, bichi, kila siku, hana pa kukimbilia.

Upande wa pili wa sukuma wiki

Kama ni hivyo, yaelekea jawabu ni kumpa mjusi sukuma wiki na kabichi peke yake. La hasha. Ukoo huo nao una kemikali zake, ziitwazo glukosinolati, ndizo zinazoipa kabichi ile harufu kali inapochemshwa sana. Zikivunjika hutoa vitu vinavyoizuia tezi ya shingo kuitumia iodini, madini ambayo wengi huyajua kwa jina la madini joto. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1928 madaktari wa Baltimore, Marekani, waliokuwa wakiwafuga sungura kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa mwingine kabisa, waliona kwamba sungura hao wamevimba shingo. Walikuwa wamelishwa kabichi kwa muda mrefu, karibu bila kitu kingine.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatiwa. Kabichi kidogo miongoni mwa majani mengine haikuleta rovu. Spinachi kidogo mara moja kwa majuma kadhaa haitavunja mfupa wa mjusi. Hatari iko katika kurudiarudia jani moja, na kwa bahati mbaya hilo ndilo jambo ambalo nyumba huliruhusu na pori hulizuia. Mjusi wa Australia huonja hapa na pale kadiri atembeavyo. Mjusi wa sandukuni hula kilichonunuliwa Jumamosi, mpaka Jumamosi nyingine.

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nao hupewa majani na wageni wanaowatembelea. Kobe ana mifupa na tena gamba la mfupa la kulilisha, na kwa hiyo hesabu hii yamhusu pia.

Jua ndani ya sanduku la kioo

Hata kalsiamu iliyoepuka fosforasi na oksalati bado haijafika mfupani. Ili ivuke ukuta wa utumbo kwa wingi unaotakiwa, mwili wahitaji vitamini D3, na majani ya mboga hayana vitamini hiyo ya kutegemewa. Mjusi hujitengenezea. Katika ngozi yake mna kemikali ya jamii ya kolesteroli ambayo, ikipigwa na mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanometa 290 hadi 315 hivi, hubadilika. Kisha joto la mwili huikamilisha kuwa vitamini D3. Ini huibadili mara ya kwanza, figo mara ya pili, na hapo ndipo inapokuwa tayari kwa kazi.

Kioo cha kawaida cha dirisha huipitisha nuru inayoonekana na kuizuia mionzi hiyo. Mjusi aliyewekwa dirishani huonekana anaota jua, naye hapati vitamini hata chembe. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, mijusi-ndevu wachanga waliomulikwa kwa taa ya urujuanimno saa 2 kila siku walikuwa na kiasi cha ile vitamini iliyopitia ini, katika damu yao, mara 18 ya kile cha wenzao waliopewa vitamini D3 kwa mdomo. Ni tofauti kubwa mno, na yaonyesha kwamba kwa mnyama huyu chupa ya vitamini si badala ya jua. Tena taa zenyewe huchakaa kwa namna ya udanganyifu: mionzi ya urujuanimno hupungua mwezi baada ya mwezi hali nuru inayoonekana ingali ileile, na mfugaji asiyeibadili hana dalili yoyote ya kumwonya. Mjusi wa juu ya mawe ya Serengeti hupata haya yote bila malipo, na hiyo ni sababu moja nzuri ya wanafunzi kumtazama akiwa hukohuko mawe­ni badala ya kumkamata.

Sahani ya mjusi

Kwa vitendo, wafugaji wenye ujuzi huchanganya. Msingi wa sahani huwa majani yenye kalsiamu nyingi na oksalati kidogo, kama lile gugu la maua ya manjano na majani ya jamii ya sukuma wiki kwa kupokezana. Juu yake huongezwa kidogo majani mengine na maua yasiyo na sumu. Majani huoshwa, kwa kuwa mjusi ni mdogo na dawa ya wadudu iliyobaki juu ya jani moja huweza kumtosha. Hukatwa vipande vidogo kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Hupewa asubuhi, akiisha kupata joto, naye huwa na siku nzima ya kuyasaga. Unga mwepesi wa kabonati ya kalsiamu hunyunyizwa juu, na hasa juu ya nyenje. Majani ya mparachichi hayatumiki, wala kisamvu kibichi, ambacho seli zake zikipondwa hutoa sianidi. Mpishi hukitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo.

Jaribio la darasani

Tofauti kati ya koo hizi mbili za mboga yaweza kuonekana shuleni bila mjusi yeyote. Gramu 20 za mchicha uliokatwakatwa huchemshwa kwa dakika 10 katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai, kwa kuwa yana kalsiamu yake yenyewe itakayoikamata asidi kabla ya wakati. Maji ya mchicha huchujwa, yakapoa, yakatiwa siki kidogo, kisha matone ya mmumunyo wa kloridi ya kalsiamu. Ukungu mweupe utakaotokea huachwa utuame. Siki haiuyeyushi, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa huuyeyusha, na kwa njia hiyo hutambulika kuwa ni oksalati, si kabonati wala fosfati, ambazo zisingekaa katika siki. Sukuma wiki au kabichi ya uzito uleule ikitendewa vivyo hivyo, mirija miwili huwekwa bega kwa bega mbele ya karatasi nyeusi.